Tuache Kuhesabu Milimita: Uzito Ndio Uliouzika Mzinga wa Kupambana na Vifaru

Kwenye mijadala ya silaha za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jedwali la milimita ndilo hutangulia. Mmoja ataandika kwamba mzinga wa Kijerumani wa milimita 88 (huo ni upana wa tundu la mtutu) ulitoboa chuma cha unene fulani kwa umbali fulani, mwingine atamjibu kwa tarakimu za mzinga wa Kiingereza wa ratili 17 (Waingereza waliita mizinga yao kwa uzito wa risasi), wa tatu ataleta za Kisovieti. Ubishi unakesha, na mshindi hutangazwa kwa kipimo cha kutoboa. Naupinga mtindo huo wa kufikiri. Kati ya 1939 na 1945 kulikuwa na mambo mawili mengine yaliyoamua ni mzinga upi utaua kifaru na ni upi utakufa pamoja na watu wake. La kwanza ni uzito wa mzinga wenyewe, yaani kama wanaouhudumia waliweza kuusogeza kwa mikono yao bila kusubiri gari. La pili ni mahali ulipofichwa kabla ya risasi ya kwanza kutoka. Milimita zilikuja baada ya hapo.

Mzinga wa kawaida hupiga mbali, risasi ikipanda na kushuka, na wapigaji wake huenda wasimwone adui wao siku nzima. Mzinga wa kupambana na vifaru hupiga moja kwa moja. Mlengaji anamwona adui kwenye darubini, na adui naye anamtafuta yeye. Risasi yake kwa sehemu kubwa ilikuwa pande la chuma kigumu lililotegemea kasi. Kasi inataka mtutu mrefu na baruti nyingi nyuma ya risasi. Mtutu mrefu na baruti nyingi huleta teke kali, na teke kali linataka miguu mizito ya kuuzuia mzinga usirukeruke. Kwa hiyo uwezo wa kutoboa haupatikani bure: kila unachoongeza unakilipia kwa kilo, na kilo hizo zinabebwa na binadamu wanaopigwa risasi.

Katika miaka ya 1930 hesabu hiyo bado ilikuwa nzuri. Mzinga wa milimita 37 wa kampuni ya Kijerumani ya Rheinmetall, ambao Wajerumani waliuita Pak 36, ulikuwa na kilo zipatazo 330 tu ukiwa tayari kufyatua. Watu wachache waliweza kuusukuma shambani, kuuingiza nyuma ya kichaka, kupiga, kisha kuuhamishia kichaka kingine. Ngao yake ilikuwa fupi, waliouhudumia walipiga magoti. Wasovieti waliuchukua muundo huo mwanzoni mwa miaka hiyo, kisha wakaupanua hadi milimita 45. Wamarekani nao wakatengeneza wa kwao wa milimita 37. Vita vya Hispania, vilivyoanza 1936, vilionyesha kwamba kifaru chepesi kama T-26, chenye chuma cha milimita 15 hivi, hakikuwa na kinga mbele ya mizinga midogo ya aina hii. Majenerali wengi wakaridhika. Lakini wahandisi wa vifaru waliuona ushahidi uleule wa Hispania, nao wakaenda kuongeza unene wa chuma.

Malipo yalifika tarehe 21 Mei 1940 karibu na mji wa Arras, kaskazini mwa Ufaransa. Waingereza walishambulia kwa vifaru 74, vingi vikiwa Matilda za aina ya kwanza zenye bunduki tu za rashasha, na 16 vikiwa Matilda za aina ya pili, zenye chuma cha mbele cha milimita 78. Wapiga mizinga wa Pak 36 walifanya kila walichofundishwa: walisubiri, walilenga, walipiga, wakapata shabaha. Risasi zikadunda. Waliendelea kupiga mpaka vifaru vikawafikia, na baadhi yao wakasagwa pamoja na mizinga yao. Erwin Rommel, aliyekuwa akiongoza Divisheni ya 7 ya vifaru ya Kijerumani, alilazimika kukimbia kutoka mzinga mmoja hadi mwingine, akipanga mizinga ya kawaida na ile ya kutungulia ndege ya milimita 88 ipige kwa kushusha mitutu. Shambulio likazuiwa. Askari wa Kijerumani waliubandika mzinga wao mdogo jina lililodumu hadi mwisho wa vita: kifaa cha jeshi cha kubishia hodi.

Mwaka uliofuata, katika Umoja wa Kisovieti, hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwishoni mwa Juni 1941, karibu na mji wa Raseiniai katika Lithuania, kifaru kimoja cha Kisovieti cha aina ya KV kilisimama barabarani na kukata njia ya ugavi ya kikosi cha Divisheni ya 6 ya vifaru ya Kijerumani. Erhard Raus, kamanda aliyekuwepo, alisimulia baada ya vita jinsi walivyohangaika nacho. Mizinga mipya ya milimita 50 ilisogezwa kimyakimya hadi mita mia kadhaa, ikapiga na kupata shabaha, lakini KV ikageuza mnara wake na kuivunja mmoja baada ya mwingine. Ukaletwa mzinga wa 88. Nao ukapigwa kabla watu wake hawajamaliza kuutayarisha. Usiku mafundi wa vilipuzi walikwenda kwa miguu, wakashindwa. Kilichofanikiwa ni ujanja: siku iliyofuata vifaru vyepesi vilizungukazunguka mbele kuishughulisha KV, na 88 nyingine ikapita nyuma na kupiga kutoka huko.

Msomaji wa majedwali ataiona hapo sifa ya 88. Mimi naona kwamba 88 ya kwanza na ya pili zilikuwa mzinga uleule, wenye milimita zilezile. Ya kwanza ilikufa kwa sababu ni kitu kirefu cha tani zipatazo tano kilichosogezwa mbele ya macho ya adui. Ya pili iliua kwa sababu adui alikuwa akitazama kwingine.

Wajerumani walijibu kwa njia ya moja kwa moja: mzinga mkubwa, kisha mkubwa zaidi. Pak 38 ya milimita 50 ilikaribia tani moja. Pak 40 ya milimita 75, iliyoanza kuenea 1942, ilifika kilo 1,425, nao ukawa mzinga wao mkuu hadi mwisho. Zilitengenezwa zaidi ya 20,000. Pak 43 ya milimita 88, yenye mtutu mrefu kupita kiasi, ilivuka tani tatu na nusu, na toleo lake la magurudumu mawili lilizidi tani nne. Hilo askari waliliita mlango wa ghala, kwa jinsi lilivyokuwa pana na gumu kusukumwa. Kwenye jedwali, kila hatua ni ushindi. Kwenye tope la Urusi la masika na la vuli, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Pak 40 ilikuwa na vyuma bapa kwenye ncha za miguu yake ya nyuma, vya kujikita ardhini. Baada ya kupiga mara kadhaa, teke lilikuwa limevizamisha kiasi kwamba watu wake peke yao hawakuweza kuung'oa mzinga. Walihitaji trekta. Na trekta lilikuwa nyuma, limefichwa, kwa sababu gari linalosimama karibu na mzinga ndilo linalomwonyesha adui mzinga ulipo. Hivyo amri ya kurudi nyuma ilipokuja, mara nyingi ilimaanisha kuuacha mzinga palepale na kukimbia. Mzinga mzuri sana wa kutoboa ulipotea bila kupigwa hata na kifaru kimoja.

Wanaoandika historia ya Waingereza wana kesi yao wanayoipenda, nami nataka kukaa nayo kidogo kwa sababu nadhani lawama imewekwa mahali pasipostahili. Jeshi la Uingereza liliingia vitani na mzinga wa ratili 2, wa milimita 40. Mchoro wa mrithi wake, mzinga wa ratili 6 wa milimita 57, ulikuwa umeanza kushughulikiwa 1938. Kisha ikaja Dunkirk, bandari ya Ufaransa ambako Waingereza walihamishwa kwa meli. Jeshi lilirudi nyumbani Juni 1940 likiwa limeacha Ufaransa mizinga yake kwa mamia, na uvamizi wa Wajerumani ulitarajiwa wiki yoyote. Viwanda vikapiga hesabu: ili kupata mizinga 100 ya ratili 6, nchi ingepoteza 600 ya ratili 2, maana mitambo ilipaswa kubadilishwa na mafundi kufunzwa upya. Serikali ikachagua 600. Uzalishaji wa ratili 6 ukaanza kwa nguvu mwishoni mwa 1941 tu, na mizinga hiyo ikaonekana jangwani kwa mara ya kwanza Mei 1942, kwenye mapigano ya Gazala, Libya. Katikati ya tarehe hizo mbili watu wengi walikufa jangwani wakiwa nyuma ya mzinga uliopitwa na wakati.

Wengi huuita uamuzi wa Juni 1940 upumbavu. Sikubaliani nao. Kwa nchi iliyokuwa haina kitu mkononi, mzinga 1 ulio tayari ulikuwa na thamani kuliko mchoro bora ulio mezani, na vifaru vya Kijerumani vya majira hayo vingetobolewa na ratili 2 bila shida. Kisichosameheka ni mambo mawili mengine. Kwanza, kati ya 1938 na 1940, wakati wa amani na wa miezi ya utulivu ya mwanzo wa vita, mzinga wa ratili 6 uliachwa ukitembea kwa mwendo wa kobe. Pili, na hili linaniuma zaidi, wapiga ratili 2 jangwani walipelekwa vitani na pande la chuma peke yake. Hawakupewa kombora la kulipuka. Adui wao mkubwa kule Libya mara nyingi hakuwa kifaru. Alikuwa mzinga wa Kijerumani uliojificha mita mia kadhaa mbele, na watu wake wakiwa wamelala chini kuuzunguka. Pande la chuma likipita mita moja pembeni mwao halifanyi lolote. Kombora la kulipuka lingewaua au kuwafukuza. Na vifaru vya Kijerumani vilipoongezewa bamba za chuma kilichofanywa kigumu zaidi upande wa nje, risasi ya ratili 2 ilianza kuvunjikavunjika ikigonga, hata pale ambapo jedwali lilisema itapenya.

Pia mzinga huo, ingawa mdogo, ulikuwa na uzito wa kilo 800 hivi, kwa sababu ulikaa juu ya jukwaa la miguu mitatu lililouwezesha kuzunguka pande zote. Ulikuwa na zaidi ya mara mbili ya uzito wa Pak 36. Kuukokota kwenye mawe ya jangwa kuliharibu magurudumu, basi ukapakiwa juu ya lori na mara nyingi ukafyatuliwa kutoka hukohuko juu. Silaha ambayo uhai wake ni kulala chini, ikapandishwa juu ya lori lisilo na kinga, kwenye tambarare isiyo na mti.

Tarehe 21 Novemba 1941, pale Sidi Rezegh kusini mashariki mwa Tobruk, vifaru vya Kijerumani vipatavyo 60 vilishambulia eneo lililolindwa na mizinga 12 ya aina hiyo, minne kati yake ikiwa chini ya Luteni wa Pili George Ward Gunn wa kikosi cha Royal Horse Artillery. Gunn aliendesha gari lisilo na kinga kutoka mzinga hadi mzinga akiwatia moyo watu wake, hadi ukabaki mzinga mmoja, lori lake likiwaka moto na watu wake wote wakiwa wamekufa au kujeruhiwa isipokuwa mmoja. Kamanda wake, Meja Bernard Pinney, akaanza kuuzima moto, na Gunn akakaa kwenye mzinga. Alipiga risasi kati ya 40 na 50 kwa umbali wa mita 700 hivi, huku moto ukiwa karibu na shehena ya risasi iliyokuwa palepale kwenye lori. Vifaru viwili vikawaka na vingine vikaharibiwa kabla hajapigwa risasi ya paji la uso. Alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa. Pinney aliuawa siku iliyofuata. Ujasiri wa namna hiyo sina neno la kuuongezea. Ila huwa najiuliza mtu kama Gunn angefanya nini siku ile kama mzinga wake ungekuwa chini, ndani ya shimo, mtutu ukiwa umeinuka shibiri moja tu juu ya mchanga.

Jibu linapatikana miezi 11 baadaye. Usiku wa tarehe 26 Oktoba 1942, katika mapigano ya pili ya El Alamein, Misri, batalioni ya 2 ya Rifle Brigade chini ya Luteni Kanali Victor Turner ilitumwa kukamata bonde dogo lililopewa jina la siri la Snipe. Walikuwa watu wapatao 300 na mizinga 19 ya ratili 6. Giza lilipotea asubuhi wakajikuta wako mbele mno, peke yao, katikati ya kambi za vifaru vya Kijerumani na Kiitalia. Daktari hakuwafikia. Mwelekezi wa mizinga ya nyuma alipotea. Hata vifaru vya upande wao viliwapiga kwa makosa. Lakini bonde lile lilikuwa na vichaka vya chini na mchanga laini wa kuchimba, na mzinga wa ratili 6 ulikuwa mfupi na wenye tani moja na kidogo tu, hivyo waliweza kuuzamisha ardhini na, panapobidi, kuugeuza kwa mikono kuelekea upande mwingine.

Mchana kutwa vifaru vilipita au kuwashambulia, na mara nyingi vilikuja vikiwa vimewapa ubavu kwa sababu vilikuwa vinakwenda kupigana na mtu mwingine. Mchana ulipokuwa mkali, vifaru vya Kiitalia vilisogea upande ambao mzinga mmoja tu ulikuwa unafanya kazi, wa Sajenti Charles Calistan. Wenzake wengine walikuwa wamejeruhiwa au wametambaa kwenda kutafuta risasi. Turner mwenyewe akaja kupakia, na Luteni Jack Toms akawa msaidizi. Vifaru sita viliwaka. Vitatu vilivyobaki vikaendelea kuja, rashasha zao zikigonga ngao, na risasi zilikuwa zimekaribia kuisha. Toms akakimbilia gari lake la jipu, akapakia masanduku kutoka mzinga wa jirani na kurudi nayo chini ya mvua ya risasi. Jipu likashika moto likiwa limebakiza hatua chache. Turner alikuwa ameshajeruhiwa kichwani. Calistan alilenga kwa utulivu na kupiga risasi tatu, na vifaru vyote vitatu vikasimama. Kisha, kwa kuwa jipu lilikuwa bado linawaka, akatia maji kwenye chombo na kuchemshia chai juu yake. Usiku walipoondoka waliweza kuchukua mzinga mmoja tu. Kamati iliyotumwa baadaye kukagua mabaki ilithibitisha vifaru na magari ya mizinga zaidi ya 30 yaliyoharibiwa kabisa. Turner alipewa Victoria Cross.

Hapa mtu wa majedwali atasema: ona, ni ratili 6, zile milimita 57 ndizo zilizofanya kazi. Kwa sehemu, ndiyo. Ratili 2 pale Snipe isingetosha, na simwambii mtu kwamba uwezo wa kutoboa hauna maana. Lakini ratili 6 zilikuwepo Gazala miezi mitano kabla, na kule Waingereza walishindwa vibaya hadi Tobruk ikaanguka. Mizinga ilikuwa michache, imetawanywa huku na huko, na wengi wa watu wake walikuwa hawajaizoea. Tofauti ya Gazala na Snipe haimo kwenye chuma. Imo kwenye kuikusanya mizinga, kuichimbia, kuifanya ilindane ubavu kwa ubavu, na kusubiri.

Kusubiri ndiko kugumu kuliko yote. Wajerumani walilijua hilo mapema. Pale Halfaya, mpakani mwa Misri na Libya, Juni 1941, Kapteni Wilhelm Bach, aliyekuwa mchungaji wa kanisa kabla ya vita, aliziacha Matilda za Waingereza zisogee huku 88 zake zikiwa zimezikwa karibu usawa wa ardhi, ndipo akatoa amri. Kikosi cha vifaru kilichotangulia kilimalizwa karibu chote. Desturi ya Rommel jangwani ikawa hiyo: vifaru vyake vinajitokeza, vinapigana kidogo, vinarudi nyuma, Waingereza wanavifukuza kama wako kwenye mashindano ya farasi, na wanaingia mbele ya safu ya mizinga iliyojificha. Watu wakarudi wakisimulia 88, kwa sababu ndiyo iliyowatisha, ingawa sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na Pak 38 fupi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Somo hilo lilimrudia mwenyewe Medenine, kusini mwa Tunisia, tarehe 6 Machi 1943. Waingereza walikuwa wamesoma mawasiliano yake ya siri na kujua anakuja. Wakapanga mizinga ya kupambana na vifaru zaidi ya 400, wakaificha, wakaielekeza iue vifaru badala ya kuwalinda askari wa miguu wa mbele, na wakakataza kupiga kutoka mbali. Divisheni tatu za vifaru za Wajerumani zilishambulia asubuhi. Hadi jioni zilikuwa zimepoteza vifaru vipatavyo 50, na vifaru vya Waingereza vilikuwa karibu havijaguswa. Siku tatu baadaye Rommel aliondoka Afrika na hakurudi tena. Kama ningeombwa nichague siku moja ambayo mzinga huu ulifanya kazi yake barabara, ningechagua hiyo kuliko Snipe, kwa sababu Medenine haikuhitaji mashujaa.

Wasovieti waliifikisha mbinu hiyo mbali zaidi ya wote, na kwa bei ya kutisha. Kursk, Urusi, Julai 1943, walijenga ngome ndogondogo za mizinga, kila moja ikiwa na mabomu ya ardhini mbele yake, askari wa miguu kuizunguka, na jirani wa kuipigia ubavuni. Wajerumani walikutana na makundi ya mizinga yaliyokuwa chini ya kamanda mmoja, yote yakipiga kifaru kimoja kwa wakati mmoja kisha kuhamia kingine. Askari wa vikosi hivyo walikuwa na beji ya pekee mkononi, mitutu miwili iliyopishana juu ya kitambaa cheusi, na walilipwa zaidi. Wao wenyewe walisema: mtutu mrefu, maisha mafupi. Mzinga mdogo wa milimita 45 waliuita "Kwaheri, nchi yangu". Hawakuwa wakifanya mzaha.

Mhandisi Vasily Grabin alitengeneza mizinga miwili inayostahili kuwekwa pamoja. ZiS-2 ya milimita 57 ilikuwa bora sana kwa kutoboa, lakini mtutu wake mrefu ulikuwa mgumu na ghali kutengeneza, na mwaka 1941 hapakuwa na kifaru cha Kijerumani kilichostahili nguvu hiyo. Uzalishaji ukasimamishwa Desemba mwaka huo, ukafufuliwa 1943 baada ya vifaru vya Tiger kujitokeza. ZiS-3 ya milimita 76 haikung'ara kwenye jedwali lolote. Ilikuwa na tani moja na ushee, ilivutwa na farasi au lori, watu wake waliweza kuisukuma, na ilipiga kombora la kulipuka kwenye handaki asubuhi na risasi ya chuma kwenye kifaru mchana. Zilitengenezwa zaidi ya 100,000. Kwangu mimi huo ndio mzinga bora wa kupambana na vifaru wa vita ile, hata kama haukuzaliwa kwa kazi hiyo pekee.

Wamarekani nitawapitia haraka. Baada ya kuona mizinga iliyofichwa ikifanya vizuri Afrika Kaskazini, mwaka 1943 waliamua kwamba nusu ya batalioni zao za kuwinda vifaru itumie mizinga ya kukokotwa. Desemba 1944, katika misitu ya Ardennes, Wajerumani waliwavamia na mizinga hiyo mizito ikanaswa kwenye barafu na tope, mingi ikatekwa bila kupiga. Januari 1945 uamuzi ulitolewa kuzirudisha batalioni hizo kwenye magari yenye mizinga.

Palikuwa na njia moja ya kuukimbia uzito, nayo ilikuwa kubadilisha risasi badala ya mzinga. Wahandisi wawili waliofanya kazi Uingereza, Permutter na Coppock, walikamilisha risasi yenye kiini chembamba cha tangsteni (metali nzito na ngumu sana) kilichofungwa ndani ya kifuko chepesi. Kifuko kinajaza mtutu na kupokea msukumo wote wa baruti. Kikishatoka nje kinapasuka na kuanguka, na kiini kinaendelea peke yake kwa kasi kubwa. Mwaka 1944 mzinga wa ratili 6 ulipewa risasi hiyo, na mzinga uliokuwa umeanza kudharauliwa ukaweza tena kutishia Tiger kwa mbele, bila kuongezeka uzito. Ndugu yake wa ratili 17, mwenye tani tatu, alipewa risasi hiyo pia, lakini yeye bado alihitaji gari kila alikokwenda na shimo kubwa kila aliposimama.

Kilichoumaliza mzinga hata hivyo hakikuwa mzinga mwingine. Kilikuwa baruti iliyochongwa ndani kama faneli na kuvikwa bitana ya chuma. Ikilipuka juu ya bamba, bitana inasukumwa kuwa mshale mwembamba wa chuma unaopenya, na nguvu hiyo haitegemei kasi ya kufika hata kidogo. Hapahitajiki tena mtutu mrefu, wala teke, wala miguu mizito. Silaha nyepesi za askari wa miguu zikaibeba mbinu hiyo: Bazooka ya Wamarekani ilitumika vitani kuanzia 1942, PIAT ya Waingereza na Panzerfaust ya Wajerumani zikafuata 1943. Panzerfaust ilikuwa na kilo 5 hadi 7, ikibebwa na mtu mmoja. Masafa yake yalikuwa mafupi, mita 30, baadaye 60 na 100, na waliokwenda karibu hivyo na kifaru wengi hawakurudi. Lakini ilitoboa kile ambacho Pak 43 ya tani nne ilitoboa. Majeshi yakagawanya kazi mara mbili: milimita kubwa zikapanda juu ya vifaru na magari ya deraya yenye injini ya kuzibeba, na kazi ya karibu ikaenda kwa askari wa miguu. Mzinga wa kukokotwa ukabaki katikati, mzito kuliko mmoja na dhaifu kuliko mwingine.

Waingereza waliuacha katika miaka ya 1950, wakahamia mizinga isiyo na teke. Wasovieti walikataa kuuacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walileta T-12 ya milimita 100, na baadaye MT-12, zenye tani tatu hivi kila moja. Nyingi zingalipo Ukraine, na tangu 2022 pande zote mbili zimezitumia, mara kwa mara zikiinua mitutu na kupiga mbali kama mizinga ya kawaida. Kazi ya kusubiri kichakani na kumpiga kifaru ubavuni sasa wanaifanya watu wawili wenye kombora la kilo 20 na ushee, wanaopiga na kuhama kwa miguu yao.